Kampeni ndefu si kosa, kosa ni fedha zisizo na kikomo

WAINGEREZA na Wamarekani walipiga kura mwaka mmoja, 2024, lakini njia walizopitia wagombea wao zilitofautiana kama mbingu na ardhi.

Mnamo Mei 22, Waziri Mkuu Rishi Sunak alisimama mvuani mbele ya makao yake jijini London na kutangaza kwamba uchaguzi ungefanyika Julai 4. Wiki sita tu! Chama cha Leba kilishinda, na siku iliyofuata Keir Starmer akaingia katika makao hayo. Donald Trump, kwa upande wake, alitangaza azma yake Novemba 2022, takriban miaka miwili kabla ya siku ya kura.

Je, ni utaratibu upi unaomfaa mwananchi?

Wapo wanaodai kuwa kampeni ndefu ni kelele tupu. Lakini muda ni kipimo. Barack Obama, ambaye babake alikuwa Mkenya, alipojitosa ulingoni Februari 2007, Hillary Clinton ndiye aliyepigiwa upatu kupeperusha bendera ya chama cha Democratic. Obama alihitaji karibu mwaka mzima kujinadi kwa wakazi wa Iowa kabla ya kushinda huko Januari 2008. Wiki sita hazingemtosha.

Mtazame naye Liz Truss wa Uingereza. Septemba 2022 alichaguliwa na wanachama wa Conservative pekee kuwa kiongozi, na hivyo akawa waziri mkuu bila umma kupiga kura. Mpango wa kodi wa serikali yake ulitikisa masoko ya fedha, na hata miezi miwili haikutimia kabla hajang'atuka.

Hata hivyo, muda hula fedha. Mwaka wa 2008, Obama huyo huyo alikataa fedha za umma zilizoandamana na masharti ya matumizi, akachangisha zaidi ya dola milioni 700. Mpinzani wake, John McCain, alikubali masharti hayo na kupokea dola milioni 84. Kisha mwaka wa 2010 Mahakama ya Juu ikaziruhusu kampuni kutumia fedha bila kikomo kuwapigia debe wagombea, mradi zisishirikiane nao.

Nchini Uingereza, matangazo ya kisiasa ya kulipia hayaruhusiwi katika televisheni wala redio. Vyama hutengewa muda wa bure, na sheria huweka kikomo cha matumizi ya kila chama.

Hapa Kenya, siasa za uchaguzi huanza mapema kama Marekani. Lakini sheria ya mwaka wa 2013 ya kudhibiti fedha za kampeni, ambayo ingetuwekea kikomo mfano wa kile cha Uingereza, haikutumika katika uchaguzi wa 2017 wala wa 2022. Tumeiga urefu, tukaacha kikomo. Hali ikibaki hivyo, mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama, na mgombea mwenye sera nzuri lakini mfuko mtupu hatapata hata nafasi ya kupimwa.