Tukague mifuko ya kulalia kabla ya safari

Safari za mafunzo msituni na milimani zinazidi kupendwa katika shule zetu, na mimi ni mmoja wa walimu wanaoziunga mkono. Lakini kuna jambo tunalolipuuza. Kabla ya kuondoka tunakagua ada, barua za wazazi, chakula, hata viatu. Mfuko wa kulalia hatuukagui. Utaukuta umefungwa kwa kamba nje ya begi, unaning'inia kama kuku anayepelekwa sokoni.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya watalii. Naomba kutofautiana nao. Msitu wa Nyungwe hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na kambi ya Uwinka iko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 1,000, joto la hewa hupungua kwa kiasi cha nyuzi 6. Kijana aliyetembea kutwa akitoka jasho, kisha akalala ndani ya mfuko uliolowa, hapaswi kuhofiwa mafua tu. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, ulimi huwa mzito na akili huchanganyikiwa. Baadaye kutetemeka hukoma, na wasiojua hudhani amepata nafuu.

Historia yetu inao ushahidi. Mwaka 1908 mwanajiolojia Mjerumani, Egon Kirschstein, aliyekuwa katika msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alikutwa na dhoruba ya mvua ya mawe na theluji katika mlima Karisimbi. Wapagazi 20 walikufa kwa baridi. Walikuwa wamebeba mizigo ya wengine.

Mimi nilisoma Karagwe, Tanzania, tukiwa wakimbizi. Mifuko ya kulalia hatukuijua, tulikuwa na mablanketi. Lakini tulipokwenda kulala nje ya shule, mwalimu wa zamu alimtaka kila mmoja afungue mzigo wake mbele yake na kuufunga tena. Wengine tulimwona mkali mno. Leo ninaona alifanya kazi ambayo sisi tunamwachia mama wa mtoto, au mpagazi.

Kazi yenyewe haina ugumu. Mfuko wa kulalia hausumbuki ukishindiliwa. Tena ni bora kuushindilia kidogo kidogo, kuanzia upande wa miguu, kuliko kuukunja kila siku mahali palepale. Usukume hewa itoke. Mahali pake ni chini kabisa ndani ya begi, kwa sababu hutauhitaji mpaka jioni. Kile kifuniko cha mvua kinachovishwa begi kwa nje kisikudanganye: maji hupenya kwa upande wa mgongo, kule ambako hakifuniki. Kinga ya kweli ni mfuko wa pili usiopitisha maji, unaouzunguka wa kulalia ndani ya begi.

Hapa ndipo vitabu vya wageni vinapotuacha njiani. Vingi hushauri mfuko mkubwa wa taka wa plastiki. Kwetu mifuko ya polithini ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2008, na mimi sitaki kuona mwanafunzi akiupitisha kwa magendo kwa ajili ya somo la mazingira! Mwenye uwezo anunue mfuko maalumu wa nailoni usiopitisha maji. Asiye na uwezo aende kwa fundi cherehani na kipande cha turubai jepesi. Amwambie aache mdomo mrefu, unaoweza kukunjwa mara tatu au nne kabla ya kufungwa, na mishono ipakwe gundi au nta, maana kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Shule inaweza kushona 30 kwa mara moja na kuzitunza stoo.

Aina ya mfuko nayo ina maana. Uliojazwa manyoya ya bata ni mwepesi, lakini ukilowa manyoya hushikana na joto linakwisha. Wa nyuzi za viwandani ni mzito zaidi, ila ukilowa bado unasaidia kiasi. Kwa Nyungwe na vijana wasio na uzoefu, nachagua huo wa pili.

Kambini, mtoto asiingie na nguo za mchana zilizolowa. Asifunike kichwa akapumua humo ndani, kwani pumzi ni maji, avae kofia. Asubuhi jua likitoka, mfuko utandazwe japo robo saa. Nyumbani haurudishwi kwenye kifuko chake kidogo. Ukaushwe, kisha utundikwe au ulegezwe ndani ya gunia safi la pamba.

Ninachowaomba wakuu wa shule ni saa moja tu, siku moja kabla ya safari: kila mwanafunzi afungue begi uwanjani, apakie upya mwenyewe, kisha begi limwagiwe ndoo ya maji na kufunguliwa. Na kama shule imekodi wapagazi, mizigo yao ya kulalia iwe katika mstari huohuo, ikaguliwe kwa ndoo hiyohiyo. Asiye na mfuko mkavu apewe wa shule kabla gari halijawashwa.