Mamba muntu alitoka wapi?



Mwezi uliopita mama mumoja wa hapa Kolwezi aliniita kwake. Baba mukwe alikufa, na mu sanduku yake walikuta picha ya rangi, imechorwa juu ya mufuko wa unga: mwanamuke mweupe, nywele ndefu, mukia wa samaki. Kijana wake wa kwanza alisema: "Mama, hii ni shetani, tuchome moto!" Mama alikuwa na kiberiti mu mukono, lakini moyo ulikataa. Akaniuliza: mamba tunamujua, sasa huyu mwanamuke anaitwa mamba muntu sababu gani?

Ni ulizo nzuri. Mu hadisi za bazee, wanyama wanasema kama watu. Kalulu anadanganya wakubwa, mamba anangojea ku maji. Hadisi zile zilikaa mu kinywa, usiku, kando ya moto. Mu mwaka 1946 Mufaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua nyumba ya kuchora mu Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Pale Pili Pili Mulongoy alichora ndege, samaki, nyoka, wanyama wenye kuwindana. Picha nzuri sana, lakini bazungu ndio walizinunua. Mu nyumba ya mufanyakazi hazikuingia.

Zilizoingia ni zile za miaka ya 1970, wakati jimbo lilikuwa linaitwa Shaba. Bachoraji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walichora juu ya mifuko ya unga, wakauzia watu wa mushahara. Picha yenyewe waliita ukumbusho. Na ile iliyopendwa kupita zote ni mamba muntu! Meno yamekwisha, mukia wa samaki umeingia, na shanga ku shingo, mara nyingine saa ku mukono.

Watu walieleza hivi: anatoka mu maji kuchana nywele. Ukipata nywele yake moja, usiku anakuja mu ndoto kuiomba. Ukimurudishia, anakupa utajiri, lakini kwa masharti: ufunge kinywa. Ukisema, mali inakwisha, ao kifo kinaingia mu jamaa.

Mimi ninaona mushahara ndio ulimubadilisha. Muvuvi wa Lualaba anaogopa meno. Mutu wa kulipwa kila mwezi, yeye anatazama jirani aliyetajirika kwa siku moja, anajiuliza feza ile imetoka wapi.

Si kwetu tu. Afrika ya Magharibi wanamwita Mami Wata, na sura yake ilisaidiwa na karatasi iliyochapwa Hamburg, Ujerumani, mu miaka ya 1880: mwanamuke mwenye kushika nyoka. Hata Bachina wanatundika picha za samaki ku Mwaka Mupya, sababu mu luga yao neno la samaki linasikika sawa na neno la kubakiwa na vitu. Samaki yao haiombi kitu. Yetu inaomba, na pale ndipo hadisi inakuwa kali.

Tuliita muzee wa jirani. Alitazama picha, akacheka. "Ile haiko shetani, mutoto. Ile ni feza." Akaeleza hadisi yote mupaka giza likaingia, na yule kijana hakutoka. Kiberiti kilirudi ku jikoni.

Asubui yake mutoto mudogo alichora mamba muntu wake ku daftari. Mu mukono hakumupa kichanuo. Alimupa telefone.