Chumvi Haipigi Kelele

Miwa ya kiwanda cha Mumias, kilichoanza kusaga mwaka 1973, ilisomesha watoto wengi wa Matungu, Kakamega. Mwaka 2019 kiwanda kikawekwa chini ya mrasimu kwa sababu ya madeni. Pesa zikiadimika, kishawishi cha kumpunja jirani huzidi.

Yesu aliwafananisha wafuasi wake na chumvi. Chumvi haipigi kelele chunguni, lakini ikikosekana kila mlaji hujua. Basi ukirudi nyumbani likizoni, usianze na mahubiri. Mlipe mkata miwa siku mliyoagana. Mzee asiyejua kusoma akikupa karatasi ya mizani, msomee uzito wote. Je, jirani yako akiulizwa leo, atasema wewe ni Mkristo?