Aliyejiumiza naye ni mgonjwa

Vijana wenzetu, kuna jambo tunalinyamazia nyumbani, kanisani, hata kwenye mikutano yetu: wenzetu wanaojiumiza wenyewe juu ya uchungu wa moyo. Vita, kukimbia kila mara, kukosa kazi, yote hayo watu wanayabeba ndani. Na mmoja wao akifikishwa hospitali usiku, mara mingi anapokelewa hivi: «Ule alijitafutia mwenyewe, angojee.» Kisha: «Mulete franga kwanza.» Kidonda kinafungwa, anarudishwa nyumbani, basi. Hakuna aliyemuuliza ni nini kinamuuma.

Hayo si matunzo.

Tutaambiwa kwamba waganga wa akili ni wachache. Ni kweli. Goma kuna Tulizo Letu, Bukavu kuna Sosame, lakini hawawezi kufika kwenye kila kitanda. Ila tunachodai hakiombi mashine. Mwaka 2008, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitangaza utafiti uliofanywa Brazil, Uhindi, Sri Lanka, Iran na China, kwa wagonjwa 1867 waliojaribu kujiua. Karibu nusu walipewa matunzo ya kawaida. Wengine waliongezewa mazungumzo ya saa moja kabla ya kutoka, halafu wakatembelewa ao kupigiwa simu mara 9 ndani ya miezi 18. Katika kundi la kwanza walijiua kama watu 22 kwa kila 1000. Katika la pili, 2 tu. Kilichoongezwa ni mazungumzo na kufuatilia!

Kwa hiyo tunadai kwa wakubwa wa hospitali na wizara ya afya:

1. Aliyejiumiza atunzwe mara moja kama mgonjwa mwengine, bila matusi, bila franga kwanza, na asifungiwe hospitali juu ya deni.

2. Kila zamu iwe na muuguzi aliyefundishwa kuongea naye kwa siri na kumuuliza waziwazi kama angali anawaza kufa. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani, kunamfungulia mlango wa kusema.

3. Asitoke bila tarehe ya kurudi, namba ya simu, na mtu anayemwamini wa kumsindikiza. Na hospitali ndiyo imutafute, isingojee yeye arudi.

Na sisi je? Ukimsindikiza mwenzako, usimuache mlangoni. Usimpige picha, usitume habari yake kwenye WhatsApp. Kaa naye mpaka ahudumiwe, kesho yake umupigie.

Na wewe unayesoma hapa na mzigo huo uko nao, usibaki peke yako leo. Ambia mtu mmoja unayemwamini, muende pamoja kwenye kituo cha afya. Uhai wako ni sehemu ya Kongo tunayoipigania.