Korona, baridi yabisi na hifadhidata mbili

Haya wasomaji, leo hakuna somo la kuandika programu. Tutazungumza kuhusu ugonjwa. Lakini msikimbie, tarakilishi zimo tele.

Kuna watu ambao kinga ya miili yao, badala ya kupigana na vijidudu, huwageukia wenyewe. Hushambulia viungo, ngozi, figo, hata moyo. Hapa kwetu wengi huyaita maradhi hayo yote baridi yabisi (na kuna wanaoapa kwamba ni ile baridi ya Limuru tu!), ilhali ndani ya jina hilo mna magonjwa mengi, lupasi ikiwemo. Dawa zao nyingi hufanya kazi kwa kuipunguza makali hiyo kinga.

Sasa mfikirie mtu kama huyo Machi 2020, wakati Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 13. Akiendelea kumeza dawa, huenda virusi vikamkuta hana ngao. Akiacha, ugonjwa wake wa zamani unaamka na kumlaza. Shangazi yangu alinipigia simu na swali hilohilo, eti kwa vile mimi ni mtu wa kompyuta nitalipata jibu kwenye mtandao. Jibu halikuwepo, si Nairobi wala London. Hakuna aliyekuwa amehesabu bado.

Mwezi huohuo, madaktari wa magonjwa haya walianza kujadiliana kwenye Twitter, na baada ya siku chache wakawa wameunda muungano, COVID-19 Global Rheumatology Alliance. Walichojenga ni fomu. Ndiyo, fomu! Daktari aliyekuwa na mgonjwa wa aina hii aliyeshikwa na korona aliingia, akajaza umri, ugonjwa, dawa na vipimo vyake, kama mgonjwa alilazwa, kama alipona au alifariki. Jina la mgonjwa halikuhitajika. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angeweza kuichora hifadhidata hiyo kwa wikendi moja.

Kufikia tarehe 20 Aprili 2020 walikuwa na wagonjwa 600 kutoka nchi 40, na mwezi Mei wakachapisha walichokiona. Waliokuwa wakitumia steroidi za prednisoni kuanzia miligramu 10 kwa siku walielekea zaidi kulazwa. Waliokuwa kwenye zile sindano za kuzuia TNF walielekea kulazwa kwa uchache. Na waliokuwa wakimeza haidroksiklorokwini? Hawakuonyesha nafuu yoyote ya kuepuka kulazwa.

Hapo tusimame kidogo. Haidroksiklorokwini ni ndugu ya klorokwini, ile dawa ya malaria iliyowawasha wazazi wetu usiku kucha. Kwa mgonjwa wa lupasi ni dawa ya kila siku, miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2020 Rais Trump aliipigia debe kuwa tiba ya korona, watu wakaikimbilia, na wenye lupasi katika nchi kadhaa wakakuta rafu za maduka ya dawa ni tupu. Wao ndio waliokuwa wameinywa siku zote, na bado walikuwa wakiugua korona. Nani aliwauliza kwanza?

Mwezi Mei huohuo ikatokea hifadhidata ya pili, ya kifahari. Kampuni ya Marekani iitwayo Surgisphere ilidai kuwa na rekodi za wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671 za mabara sita, na jarida la Lancet likachapisha tarehe 22 kwamba dawa hiyo inaambatana na vifo zaidi. Shirika la Afya Duniani likasitisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Watafiti wakaanza kuuliza maswali. Eti karibu robo ya wagonjwa wote wa korona wa Afrika walikuwa katika hospitali zilizounganishwa na mfumo huo! Yeyote aliyewahi kuketi kwenye benchi la hospitali zetu akingoja faili ya kadibodi itafutwe angecheka. Kampuni ilipokataa kuzitoa data zikaguliwe, makala yaliondolewa tarehe 4 Juni. (Majaribio ya Uingereza yaitwayo RECOVERY yalionyesha siku iliyofuata kwamba dawa hiyo haisaidii wagonjwa waliolazwa. Lakini huo ni ushahidi wa kweli.)

Mimi nachagua fomu. Nayo ina kasoro, nisiifiche. Daktari humkumbuka zaidi mgonjwa aliyezidiwa, kwa hiyo ukisoma kwamba asilimia 46 ya wale 600 walilazwa, usidhani ndivyo ilivyokuwa kwa kila mwenye baridi yabisi. Pia haiwezi kukuambia nani hakuambukizwa kabisa. Lakini kasoro hizo ziliandikwa wazi, na fomu iliendelea kujaa. Mwaka 2021, ikiwa na wagonjwa 3,729, ilionyesha kwamba ugonjwa ambao haujatulizwa uliambatana na vifo zaidi, na pia dawa ya rituximab. Shangazi alikuwa na jibu lake hatimaye: usiache dawa kiholela, mwone daktari, ugonjwa utulizwe kwa steroidi kidogo iwezekanavyo.

Kinachoniudhi ni kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa hao walitoka Ulaya na Marekani. Mtu wa Kisii mwenye lupasi anatibiwa kwa hesabu za watu wa mbali, wenye dawa asizozipata na madaktari ambao hapa ni wachache mno. Hatuna kisingizio cha teknolojia. REDCap, programu ya kujengea fomu za utafiti kama hiyo, taasisi zisizo za faida huipata bure. Sheria ya kulinda data tunayo tangu 2019. Wizara haihitaji akili bandia wala zabuni ya mabilioni. Inahitaji kurasa mbili za maswali, seva moja, na daktari au nesi anayelipwa kwa dakika kumi za kujaza.

Na ianze sasa, kabla ya mlipuko mwingine, ili siku ya kwanza tuwe tayari tunajua nani yuko wapi na anameza nini. Kama ningepewa kazi hiyo kesho, uga wa kwanza ambao mfumo usingekubali uachwe wazi ungekuwa huu: steroidi, miligramu ngapi kwa siku.