Mto uliogeuka, mita 60 zipimwe wapi?

Na Mwandishi Wetu

MKAZI wa Murongo, wilayani Kyerwa, huuona Mto Kagera ukielekea mashariki, akaamini ndivyo ulivyokuwa tangu enzi. Wataalamu wa jiolojia wanaeleza vinginevyo. Zamani maji hayo yalitiririka kuelekea magharibi. Ardhi iliponyanyuka kandokando ya Bonde la Ufa la Magharibi, yalizuiwa, yakarudi nyuma na kulijaza bonde ambalo leo ni Ziwa Victoria. Hayo yanakadiriwa kutokea yapata miaka 400,000 iliyopita.

Mteremko ukabaki hafifu. Ndiyo maana kutoka Karagwe, mpakani na Rwanda, mto hujikokota kaskazini kati ya vinamasi vya mafunjo na vijiziwa. Mto wa namna hiyo haukai kwenye mkondo mmoja: hujipinda, hukata njia mpya, na kuuacha mkondo wa zamani ukiwa dimbwi.

Hapo ndipo penye utata. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukingo upi? Mkulima aliyepanda migomba yake kihalali anaweza kujikuta mvunja sheria bila kuhamisha hata mche mmoja. Kwa maoni yetu, kabla ya kumtoza faini, maofisa wakapime upya kwanza, tena wakati wa masika.