Uzee wa Waliohukumiwa

Kifungu cha 175 cha sheria ya jinai ya Ujerumani, kilichowaadhibu wanaume kwa kupendana wao kwa wao, hakikufutwa kabisa ila mwaka 1994; na katika Ujerumani ya Magharibi peke yake, baina ya 1949 na 1969, wanaume wapatao 50,000 walihukumiwa kwa kifungu hicho. Waliosalia leo ni wazee. Mwaka 2017 Bunge lilizibatilisha hukumu hizo na kuamuru fidia ya euro 3,000 kwa kila hukumu, na 1,500 kwa kila mwaka wa kifungo, jambo la insafu lakini lililochelewa mno, kwani wengi walikwisha fariki.

Nami nasema kwamba siha ya mzee haihifadhiwi kwa dawa na lishe tu. Mtu aliyejizoeza tangu ujana kusitiri siri yake, akiingia katika nyumba ya wazee, huificha picha ya marehemu mwenzi wake chini ya nguo sandukuni, asije muuguzi akamwuliza ni nani huyu. Na mwenye hofu hiyo huchelewa kumwita tabibu, akala peke yake, akanyong'onyea. Ndiyo maana naisifu kwa dhati nyumba ya Lebensort Vielfalt, iliyofunguliwa Berlin mwaka 2012, ambamo wazee wa namna hii hukaa pamoja na vijana, na wenye maradhi ya kusahau hutunzwa humo humo. Nyingine na zijengwe, na wauguzi kila mahali wafundishwe kuuliza habari za mwenzi wa mgonjwa bila ya kukunja uso.